Saa Moja ya Kukaa Bure

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa sita

Magauni ya komunyo tena. Satini nyeupe imejaa nyumba nzima, hata kitandani. Umeme umekatika, nimetumia pasi ya makaa. Kichwa kinagonga tangu asubuhi. Chakula cha mchana nimekula nimesimama, mkono mmoja kwenye cherehani. Wateja wote wanataka nguo zao kabla ya Jumapili.

Jumanne, tarehe 6

Muuguzi wa kituo cha afya amenipima presha. Akabadilisha mkono, akapima tena. Hilo sikulipenda. Akauliza ninapumzika saa ngapi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Ameniandikia vidonge, amenikataza chumvi, na ameniamuru nikae saa moja kila siku bila kazi mkononi. Nisipofanya hivyo, amesema, nitaanguka.

Mama yangu alianguka njiani akienda sokoni Nyangezi, furushi la maharage mgongoni. Mkono wake wa kulia umekufa, na maneno yamebaki machache. Alikuwa na umri nilio nao sasa. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 8

Nimejaribu kukaa sebuleni. Mteja wa kwanza kaniwekea kitambaa magotini. Watoto wakagombana. Papa Furaha, mume wangu, akauliza chumvi iko wapi. Chumvi! Nikainuka kuitafuta. Nina hasira naye, na zaidi na mimi niliyeinuka.

Jumamosi, tarehe 10

Damu puani. Tone moja likaangukia kifua cha gauni. Nimeosha kwa maji baridi, alama imebaki, nimeshonea ua dogo juu yake. Mama wa mtoto mwenye gauni amelisifu ua.

Nilikimbilia gauni kwanza. Pua niliikumbuka baadaye. Usingizi umekataa.

Jumatatu, tarehe 12

Leo nilifunika cherehani. Nikatandika mkeka nje, mbele ya mlango, nikavua viatu, nikafunga kitenge kiunoni, nikakaa chini, mikono mitupu. Mchana kweupe. Mjinga mimi. Hapa kwetu Kadutu, mwanamke aliyekaa chini mkekani mchana, cherehani yake kimya, ni mfiwa.

Maman Riziki, jirani anayeuza makaa, aliniona, akaacha biashara yake, akaja kukaa kando yangu. Hakuuliza kitu. Mfiwa haulizwi. Mimi nikadhani amechoka kama mimi. Kisha wakaja wengine na viti, na thermos ya chai. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, mwingine akawachukua watoto wangu kwenda kuwalisha kwake. Nilipoelewa, nilishindwa kuwaambia. Ilikuwa vizuri mno. Nikalia kweli, machozi ya mwaka mzima. Nao wakalia.

Habari zikamfikia mume wangu kwenye karakana yake ya mbao. Akapanda mlima mbio, unga wa mbao kwenye nyusi. Akawatafuta watoto kwa macho, mmoja mmoja. Hakuwaona.

"Ni nani?"

"Hakuna mutu alikufa. Batoto biko kwa jirani. Minapumuzika tu."

Mmoja akachukua thermos yake akaondoka amenuna. Ana haki. Niliona haya sana. Ndipo nikawaeleza yote: presha, mama yangu, damu kwenye gauni. Nikaomba msamaha, nikawaambia waende zao. Maman Riziki hakuinuka.

"Basi tungojee ufe, ndiyo tukuye kuikala na weye?"

Mume wangu akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka.

Jumanne, tarehe 13

Mwenye thermos amepita bila kunisalimu. Nimekaa hata hivyo.

Alhamisi, tarehe 15

Presha imeshuka kidogo. Muuguzi amesema niendelee.

Mkeka. Maman Riziki alikuja, akanyoosha miguu. Mwenye thermos naye alikuja, bado amenuna, lakini chai alileta. Mume wangu alikuwa ameweka kiti njiani, anawarudisha wateja. Nilimsikia akimwambia mmoja, kwa sauti ya chini:

"Maman iko mu kilio. Rudia kesho."

Mteja akatoa pole, akaenda na kitambaa chake.

Nilisinzia. Nilipoamka jua lilikuwa limeuacha mkeka, na kitenge cha mtu kilikuwa kimefunika miguu yangu. Sikuuliza ni cha nani.