Kamba ya Baba na Kifundo Kisichovimba

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka Winga,

Salamu nyingi. U mzima huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, ila mimi natembelea magongo. Usishtuke, soma hadi mwisho.

Mwezi uliopita mazoezini, beki aliniangukia mguu unyayo ukiwa umegeukia nje. Baba akatoa ile kamba yake ya kiatu, unaijua, akapima kifundo kimoja, akapima cha pili. Vikalingana. Hukumu ikawa ileile: hakijavimba, huumwi. Mama akanichua kwa maji ya moto, nami kwa ubishi wangu nikacheza siku kumi nikichechemea.

Kocha ndiye aliyenikokota kwa daktari wa viungo. Daktari yule hakuanza na kifundo. Alibana muundi katikati, na maumivu yakaniruka chini, juu kidogo ya kifundo. Alipougeuza unyayo nje, nikataja majina ya babu zetu wote. Kisha nikapigwa picha nimesimama, maana mguu usipobeba uzito mwanya kati ya mifupa miwili ya muundi unaweza kujificha.

Mifupa haijaachana, kwa hiyo sipasuliwi. Zilizochanika ni kano zinazoifunga ile mifupa miwili pamoja, na hizo huumia sana bila kuvimba sana. Kuchua kumepigwa marufuku.

Nimevalishwa buti gumu. Likitoka, nitajifunza kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka, kisha kukimbia. Mchujo wa timu ya mkoa ni wiki mbili zijazo, na nitaukosa. Nimelia siku moja, basi. Mazoezi niliyopewa siruki hata moja, na mchujo wa mwakani utanikuta uwanjani.

Sasa lako. Ulipoacha mpira nilikuita mvivu, kwa kuwa kamba ya baba ilisema huumwi. Nawe ulikuwa ukionyesha hapahapa, juu ya kifundo. Nisamehe, kaka. Na nenda ukapige picha, ukiwa umesimama.

Baba alinisindikiza kliniki mara ya pili. Daktari alipomaliza kumweleza, njiani baba akaniuliza, "Winga bado anachechemea?"

Tangu siku hiyo ile kamba ameirudisha kwenye kiatu chake.

Mama na shangazi wanakusalimu. Mungu akulinde toka utosini hadi kifundoni. Ukijibu, bahasha iandike jina la baba; anayesubiri jibu ni yeye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mguu mmoja na nusu,
Kitindamimba