Nembo za Mchawi wa Alhamisi

Alhamisi, 5 Septemba 2024

Sehemu ya tatu ya tamthilia. Upuuzi mtupu! Mpelelezi anaingia nyumba ya giza peke yake, swichi ya taa iko pale mlangoni, naiona kabisa, na haiwashi. Anaita, "Kuna mtu?" Hivi ungekuwa wewe muuaji ungeitika? Watoto watatu wa kijiji wameshakufa na hakuna hata mmoja aliyepelekwa zahanati. Wanatuwekea muziki wa kutisha ili tusione ujinga wao.

Sebule ilijaa kama kawaida, maana mtaa huu tivii kubwa ni yangu. Mama Kurwa na mapacha wake mbele kabisa. Mama yangu kwenye kiti chake, na miwani. Hakosi Alhamisi hata moja.

Nimeshawaambia muuaji ni shemeji wa mwalimu. Ana adabu mno. Kwenye tamthilia hizi anayeamkia watu mara mbilimbili ndiye huyohuyo. Mama Kurwa anasema nawaharibia raha. Sawa.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo mchawi kaonyeshwa sura. Nimekasirika mpaka sasa. Bibi kizee, bila shaka — lini waliwahi kumweka kijana aliyevaa tai? Lakini safari hii wamemchora nembo. Chale za Kimakonde, mashavu yote mawili na kipaji cha uso! Na Kimakonde chenyewe hajui hata neno. Mtu wa meki-apu huko Dar kaona picha mahali, kaona zinatisha, basi.

Mama akaangua kicheko. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema jamani, hiyo ya shavuni ni ya pajani! Ya kuonwa na mume tu, nao wamemvalisha usoni mzee wa watu! Nikacheka na mimi. Mama alichanjwa zake Kitangari akiwa msichana, anajua kila mstari na mahali pake. Nimekua nikizifuatisha kwa kidole nilipokuwa nimepakatwa.

Tulicheka wawili tu. Mama Kurwa alimtazama Mama, akatazama tivii, akamtazama tena Mama. Akawaamsha mapacha, wakaondoka kabla haijaisha.

Jumatatu, 16 Septemba

Kurwa anaumwa. Wamempima, malaria. Nimepeleka uji. Mama yake kaupokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Jioni nimeukuta umemwagwa nyuma ya choo chao, kuku wanadonoa.

Jumatano, 18 Septemba

Hakuna aliyekuja kuchota maji. Septemba hii, Newala hii! Bati letu ni pana na kisima cha maji ya mvua ni kirefu, ndiyo maana kila kiangazi mtaa mzima unateka hapa. Leo wanapita na ndoo tupu, wanateremka bondeni. Wengine wanageuza uso wakifika kwenye uzio wetu.

Nikamsimamisha Mama Kurwa njiani. Kulikoni? Akasema nisimaindi, yeye na mimi hatuna neno. Ila Bibi, mama yako, alama za yule mchawi anazijuaje, hadi za mwilini? Nikamwambia kila mwanamke wa rika lake huku juu anazijua. Hata bibi yako mzaa mama alikuwa nazo! Akasema bibi yake alishakufa. Na malaria je, si wamepima wakaiona? Akasema malaria nyingine inatumwa.

Mama ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua hao mapacha. Maji ya kisima hikihiki. Nimelia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwisho wa tamthilia. Sebule tupu. Mimi na Mama tu. Mwanangu Ziada kakataa kutoka chumbani — shuleni wanamwita mjukuu wa mchawi. Jana kakataa kusukwa na Bibi.

Kijiji kimemchoma yule bibi ndani ya nyumba yake. Wakashangilia! Ndipo mpelelezi, kwa akili zake nyingi, akagundua si yeye. Ni shemeji. Nilisema! Na sijafurahi hata chembe. Wameinamisha vichwa kidogo, halafu tangazo la sabuni.

Mama hakucheka. Akaniuliza, nyumba yake je, wameijenga tena? Nikamwambia imeisha, Mama. Akasema, imeishaje sasa?

Jumamosi, 21 Septemba

Jana Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Majaliwa, kaleta salamu. Leo saa nne watakuja, yeye na majirani kadhaa, kuongea tu na Bibi. Kuongea tu! Nimeangalia tamthilia za kutosha.

Kurwa kapona. Asubuhi nimemwona akikimbiza tairi. Haikusaidia kitu — watasema Bibi kaogopa, kamwachia.

Nimemwomba Mama twende Masasi kwa kaka Erasto, walau hadi mvua. Kakataa. Kisima hiki alikichimba na baba, aende wapi? Kateka maji mwenyewe, kaoga, kavaa kitenge chake cha kanisani.

Nimeingia chumbani. Yuko mbele ya kioo na kopo langu la poda. Kajipaka uso mzima, mweupe kama muhogo uliomenywa. Na nembo zinaonekana chini yake, mstari kwa mstari. Hajawahi kuzificha, hata mbele ya mapadri.

Akaniuliza, "Zimepotea, mwanangu?"

Nimekuja jikoni, nimesingizia kitambaa. Kitambaa ninacho, nimeshakilowesha, kinadondosha maji kwenye ukurasa huu. Nikamfute au nimwongezee?

Wamefika. Namsikia Mwenyekiti, namsikia Mama Kurwa, na sauti nyingine, nyingi kuliko walivyosema. Mama anaita kutoka chumbani, anauliza tena, zimepotea?

Hodi ya pili.