Ijumaa Kuu Hatufui

Mama yangu,

Ijumaa Kuu imepita na sijafua hata kitambaa. Nimeona nikuandikie mwenyewe, kabla wengine hawajakufikishia umbea huko uliko, maana mtaa wetu wote wa Mwigobero unanisema.

Ni mwaka wa kwanza bila wewe. Kaburi lako kijijini limeota majani, Baba anayang'oa mwenyewe, hataki msaada wa mtu. Mambo huku yamebadilika, Mama! Sabuni zimejaa madukani, za kila rangi. Nakumbuka tulivyokuwaga tunafulia majani ya mpapai mpaka vidole vinachubuka. Na nyavu, zile zilizowanyima wanaume usingizi, sasa mtu anachagua tu kama nyanya sokoni.

Unajua naelekea wapi. Ulikuwaga unatuambia, mwanamke akifua, akifagia au akianika dagaa Ijumaa Kuu, upepo unaamka ziwani siku hiyohiyo unabeba nyavu. Nani angethubutu? Miaka ile wavu ukipotea ndiyo basi, huupati hata kwenye duka la ushirika, nyumba nzima mnalala njaa. Baba, ambaye hata uji alikuwa hawezi kujimiminia, siku hiyo anazunguka uani anafoka, "Nani kashika beseni? Weka chini!" Mama Mafuru wa jirani alinyang'anywa ufagio mkononi. Na ninyi wanawake mmekaa, miguu mmenyoosha, mnasukana nywele, mnacheka mpaka machozi. Sisi watoto tulidhani mnacheka tu.

Halafu hospitalini, wiki ile ya mwisho, ukanivuta karibu: "Nyangeta, ule upepo niliutunga mimi. Tulikuwa tumechoka, mwanangu." Ukacheka, ukakohoa, ukacheka tena. Mama wewe! Sijawahi kumjivunia mtu namna ile. Wanaume wasiowaacha mpumzike mwaka mzima, ukawageuza walinzi wa mapumziko yenu, na wakalinda kwelikweli.

Sasa sikia. Siku hizi malori ya dagaa yanatoka mbali, na mwaka huu yalifika Alhamisi, yanataka mzigo mkavu Jumamosi. Ijumaa tumetoka ibadani, jua kali, wanaume wakatuambia twende tukaanike. Tukawakumbusha upepo. "Mambo ya zamani hayo," wakasema, "wavu ukienda tunanunua mwingine."

Wenzangu wakaanza kuinuka, wengine wameshajifunga kanga kiunoni. Nikaona siku yenu inakufa mbele ya macho yangu. Mama, uongo ulinijia mdomoni, mtamu kabisa! Ningesema umenitokea ndotoni, wangeniamini. Nikaumeza. Nikasimama, nikasema, "Hakuna upepo. Hata zamani haukuwepo, Mama aliutunga. Tumechoka tu, na leo tunapumzika."

Nilijua Baba atanichapa mbele za watu, na umri wangu huu. Akaniangalia weee. "Kumbe mama yako..." akasema, asimalize. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo. Kisha akachukua ndoo ya dagaa wabichi, akaenda kuanika mwenyewe. Mmoja akamfuata, na wa pili, na wale wengine wakaona aibu kubaki wamesimama.

Wameanika vibaya hao! Wamerundika dagaa huku, kule wameacha mchanga mtupu. Tuliwakalia pembeni tukawacheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyenyanyuka kuwasaidia. Ziwa lilitulia mpaka jua likazama.

Nimekukumbuka sana siku hiyo, Mama. Nilitamani uwepo, ukae katikati yetu, nikusuke. Ulitupa siku moja ya kupumzika wakati hapakuwa na kitu cha kumpa mtu, na imekaa.

Lala salama, mama yangu. Nakuahidi hili: wajukuu zako wa kike hawatahitaji kumtisha mtu kwa upepo ndipo wapumzike. Watasema tu wamechoka.

Mwanao,
Nyangeta