Usijenge Daraja Juu ya Pengo

Dada Skola,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mkono umeizoea, si kwa sababu nasubiri marahaba. Hali sikuulizi. Ungenicheka. Ungesema, "Bi Kimya, mtu amelala chini ya udongo wa Ifakara wakati wa masika, unamuuliza hali? Ameloa."

Umeloa kweli. Mvua haijakatika tangu tukuzike. Msalaba wako umeinama. Nilikwenda nikausimamisha, ukainama tena. Nikakumbuka ulivyosema ulipoiona grafu yangu ya kwanza kabisa: "Mhimili wa wima maana yake usimame wima. Huu wa kwako umekunywa nini?" Nikacheka peke yangu pale makaburini, halafu kicheko kikageuka. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia kaburi la jirani yako akaniambia pole, mwanangu, ni mama yako? Nikatikisa kichwa. Dada yako? Nikatikisa tena. Akaacha kuuliza. Wewe hukuwa ndugu yangu. Ulikuwa mtu aliyekuwa ananigombeza kila siku kwenye duka la stesheni, lile la kuchapa na kutoa kopi, na sasa hakuna anayenigombeza vizuri.

Mama alinileta kwako nilipomaliza kidato cha nne, nijifunze kuchapa wakati nasubiri matokeo. Nilikukuta umevaa sweta la kijani kwenye joto ambalo hata mbwa wa barabara ya hospitali walikuwa wamelala chini ya bajaji. Nilidhani unaringa. Sikujua bado habari za selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, wala kwamba mifupa inaweza kumuuma mtu tangu utotoni hadi azoee kuongea huku meno yamekazwa. Mama aliposema, "Huyu binti yangu ni mpole, haongei," ulijibu bila kuinua uso: "Afadhali mngeniletea mbuzi. Angalau mbuzi ningemla."

Hapo ndipo nilipoitwa Bi Kimya.

Walimu walikuwa wanakuletea mitihani ya hisabati kutoka Mkula, kutoka Malinyi, kutoka hapa mjini. Kwenye maduka mengine grafu zilichorwa kwa kukokota kipanya, zikatoka kama nyoka aliyepigwa na fimbo. Wewe ulinipiga kwenye vidole mara ya kwanza niliposhika kipanya. "Hicho ni cha watu wa kukisia. Sisi hatukisii." Ukaniandikia mstari mmoja wa maandishi, umejaa mabano, yale uliyoyaita mabano ya kiuno kwa sababu yana kiuno katikati. Ndani yake uliiambia kompyuta x ianzie wapi na iishie wapi, na y ni sawa na nini. Ukabonyeza. Mkunjo ukatokea, laini, haukutetemeka popote. "Mimi sichori," ulisema. "Mimi naiambia mashine ukweli. Kuchora ni kazi yake."

Na pale nilipokosea! Ile siku nilichora sin x, ikatoka kama mstari uliolala juu ya mhimili, hauna wimbi hata moja. Ukamwita mpaka muuza vitumbua aje aangalie. "Njoo uone bahari ya Bi Kimya, imeganda." Nikasimama nataka kulia mbele ya muuza vitumbua. Halafu ukaniambia polepole kwamba mashine inahesabu kwa digrii, na mimi nimeipa radiani, kwa hiyo nimeitembeza digrii sita tu nikitegemea ione duara zima. "Mashine sio mjinga. Hukuiambia unahesabu kwa kipimo gani. Watu wanagombana maisha yao yote kwa sababu hiyo."

Parabola yangu ya kwanza iliyotoka sawasawa hukuisifia. Uliichapa, ukachukua punje za wali kwenye sahani yako ya mchana, ukaibandika ukutani juu ya mashine. Mchele wetu unashika vizuri. Ilibaki pale.

Sasa nikwambie yaliyotokea, ingawa utakasirika.

Siku ya kumaliza matanga, baada ya misa, ndugu zako walitandika mikeka uani. Mimi nilikuwa na akina mama tunaosha masufuria. Vitu vyako vikatolewa nje: vitenge, viatu, redio, na lile begi la laptopu. Baba yako mkubwa aligawa vizuri, kwa utaratibu, mtu mmoja mmoja. Laptopu akapewa ndugu yako, Kaka Beno. Anapiga muziki kwenye harusi, itamsaidia, wakasema. Kisha baba mkubwa akasema kama inavyosemwa: "Mwenye neno aseme sasa. Kesho tusisikie manung'uniko vichochoroni."

Dada, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani bila chumvi kwa sababu dukani kuna foleni ya kusalimia. Lakini nilisimama. Mikono ina povu. Nikasema sitaki laptopu. Naomba zile kazi zilizomo ndani, zile grafu, ninakili tu kwenye flashi, halafu Kaka achukue chombo chake.

Kwanza hakuna aliyesikia, ikabidi nirudie. Halafu shangazi yako mmoja akapiga makofi: "Jamani! Wenzake wanaomba kitenge, yeye anaomba grafu!" Wakacheka. Sio kwa ubaya, nadhani. Walikuwa wamekaa na huzuni siku nyingi, wakapata pa kuchekea, na pa kuchekea palikuwa mimi.

Kaka Beno hakucheka. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia. Aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, nilishafuta tangu siku za msiba, nilipoiazima. Ilikuwa imejaa, nyimbo haziingii. Lakini nilikagua kwanza, nisije nikapoteza kumbukumbu. Nilifungua moja moja. Hakukuwa na picha hata moja. Maandishi tu, mabano, mabano, mabano."

Alitafuta picha, Dada. Kwenye grafu zako zote, alitafuta picha. Na kwa sababu ulikuwa umeiambia mashine ukweli badala ya kuchora, akaona hakuna kitu.

Kile kitabu tulichokuwa tunakiandika, cha grafu zote za sekondari, kilichokuwa kimebakiza sura ya mwisho, kilikuwa humo. Kila kitu kilikuwa humo, kwa sababu ulikataa kuweka kazi kwenye kompyuta ya dukani. Ulisema ina virusi kama mtaro wenye viluwiluwi.

Walinipa sweta lako. Nimelivaa ninapoandika, na joto ni lile lile.

Kesho yake nilirudi dukani. Mama Oliva, unamjua bosi wako, hakuniuliza nimelalaje. Aliweka mezani mtihani wa Malinyi ulioandikwa kwa mkono, wa yule mwalimu mwenye koti la mvua la njano, akasema, "Unaweza?" Nikasema naweza. Sikuwa na hakika. Faili zako hazipo, ilibidi niandike kila amri kutoka kichwani, kwenye mashine ya viluwiluwi. Nilisahau mabano. Nilisahau alama za kufunga. Mashine ikanitolea makosa kurasa nzima, nami nikawa nakusikia: "Soma kosa la kwanza. Mengine ni watoto wake."

Nilipiga sin x, na safari hii ikatoka wimbi.

Kisha nikafika swali lenye moja gawanya kwa x kutoa mbili. Nikabonyeza. Ikatoka, na katikati yake, pale x ilipo mbili, mstari umesimama kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, umeunganisha upande huu na upande ule.

Ulinifundisha hilo kwa ukali kuliko yote. Mashine inaweka nukta, halafu inaziunga. Haijui kwamba kati ya nukta hii na ile hakuna jibu. Uligonga kioo kwa ukucha: "Nani kakuambia ujenge daraja hapa? Watu wa Ifakara mmepata daraja moja mtoni, sasa mnataka kila mahali! Hapa hakuna jibu. Huku grafu inakwenda zake, kule inakwenda zake. Chora vipande viwili, katikati acha. Ukiunga, umedanganya watoto."

Nikafuta daraja. Nikaandika vipande viwili, kimoja kinaishia kabla ya mbili, kingine kinaanza baada yake. Pengo likakaa wazi. Nikaona kama umenipigia makofi, lakini hukupiga. Hukuwahi kupiga.

Nilipotaka kuchapa, Mama Oliva akainama akaangalia chini ya ukurasa. "Jina la Skola liko wapi?" Unajua lile jina dogo ulilokuwa ukiliweka pembeni kila mtihani. Nikasema Skola amefariki, mama. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenifundisha jambo la maana: "Wateja wa mbali hawajui. Wanamjua Skola, hawakujui wewe. Weka jina lake. Na wakiuliza, ametoka. Si unaitwa Kimya? Basi kaa kimya."

Nikaliweka.

Mwalimu alikuja na bodaboda, koti linachuruzika. Akapokea bahasha, akachungulia ukurasa wa juu tu. "Grafu za Skola hazina mpinzani. Yuko wapi leo, huyu mama wa maneno makali? Mara ya mwisho aliniambia mwandiko wangu umeandikwa na kuku."

Mama Oliva akacheka vizuri sana. "Ametoka kidogo, Mwalimu. Kaenda hospitali. Si unajua hali yake."

"Mpe pole. Mwambie namsalimu."

"Atafurahi."

Karatasi ilikuwa mezani mbele yangu. Juu, pengo nililoliacha wazi kama ulivyotaka. Chini, jina lako. Na nikaona, Dada, kwamba nimefuta daraja lile dogo na nimejenga hili kubwa. Upande huu kuna mtu anayeleta salamu. Upande ule hakuna jibu. Na mimi nimeunga.

Nikasema, "Mwalimu, Skola amefariki. Tumeshamaliza matanga. Hizi nimechora mimi."

Sijui sauti ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mwalimu alivua kofia, akakaa kwenye kiti chako. Kofia akaiweka magotini. Nilimpenda kwa dakika hizo. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akafungua bahasha, akaanza kukagua. Ukurasa kwa ukurasa, swali kwa swali, ncha ya kalamu inafuata kila mkunjo. Kazi hiyo hiyo ambayo punde tu hakuona haja ya kuiangalia. Mama Oliva alinitazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyepanda mezani.

Hakupata kosa. Nilimwona akitafuta, akarudi tena kwenye ile yenye pengo, akaipima kwa rula. Hakupata.

"Ni safi," alisema. "Hongera. Lakini binti, wewe mwenyewe bado unasubiri kuchaguliwa kidato cha tano. Wazazi wakisikia mtihani umechapwa na mtoto aliyemaliza juzi, nitasema nini? Huu nachukua, sina muda. Muhula ujao nitaangalia kwingine." Akarudisha kalamu mfukoni: "Na hilo jina lifuteni. Si vizuri, jina la marehemu."

Nikarudi kwenye mashine ile ile, nikatafuta mstari wenye jina lako, nikaufuta herufi moja baada ya nyingine. Mwalimu alisimama nyuma yangu anasubiri. Nilidhani atasema niweke langu. Hakusema. Tukachapa upya, na pembeni pakabaki peupe.

Alipoondoka, Mama Oliva hakupiga kelele. Alifuta meza kwa kitambaa, akasema, "Kesho usije. Mtu aliyekuwa akikufunza amekufa, na mdomo umeupata leo." Nikabandua ile parabola ukutani. Haikutaka kutoka, ilinibidi nilowanishe wali. Kona moja ilichanika ikabaki pale.

Basi hizo ndizo habari. Laptopu yako iko kwenye harusi. Kazi sina. Malinyi wamekwenda kwingine. Ungeniuliza, "Na kwa hayo yote umepata nini, Bi Kimya?" Nimetafuta la kukujibu. Nimepata kwamba mtu mmoja Malinyi hatakusalimu tena kana kwamba unaweza kuitikia. Ni hilo tu. Halinifariji. Jana Padri alisema uko pamoja nasi, na Mama anasema unaniona, na mimi naitikia ndiyo kwa heshima. Lakini nikienda kaburini ni mimi tu na yule bibi na mvua.

Nakuahidi hivi. Nimeanza kuandika amri zako kwa kalamu, kama ulivyonilazimisha mwanzoni kabla hujaniruhusu kugusa kibodi. Mstari kwa mstari, mabano ya kiuno na yote. Nitakapopata mashine, iwe ya nani, grafu zote zitarudi, na kitabu kitakuwa na ile sura ya mwisho. Pale penye pengo nitaacha pengo. Atakayeuliza aliyenifundisha yuko wapi, nitamwambia amekufa, kwa sauti ya kusikika.

Kwa heri, Dada Skola. Nilipoanza kukuandikia nilikupa shikamoo. Nilijaribiwa, hapa mwishoni, nijiitikie mwenyewe kwa sauti yako, kwa sababu bado naikumbuka vizuri. Nimeacha. Mstari wa marahaba uko chini hapa, na sijaandika kitu.

Filomena