Moshi wa Udi kwenye Gari la Baba

Bukoto,
Kampala.
9 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Fadhul,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba joto la Sharjah halijakukausha ukabaki mifupa na ndevu. Unakula vizuri? Na ule mgongo umetulia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Macho ya Baba ndiyo yale yale, mtoto wa jicho amezidi, anaona mwanga na vivuli tu. Lakini masikio yake yanafika mpaka jikoni, kwa hiyo bado hatumsengenyi.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Ni kwa sababu kila nikitaja nyumbani kwenye simu, mtandao wako unaharibika. Otema wa jirani anarudi huko kazini, nimempa mkononi, na ameniahidi atakaa mbele yako mpaka umalize kusoma. Mpe chai.

Kwanza furaha. Mdogo wetu Nabilah anaolewa mwezi ujao, inshallah. Kijana ni mtaratibu, anasali, na anamwogopa Shangazi Kulusum kama inavyotakiwa. Bibi harusi hakuomba mengi. Ametaka jambo moja tu, atoke nyumbani ndani ya lile gari jekundu la Baba.

Hapo najua moyo wako umeruka. Vumilia, kaka. Tangu siku uliyolipitisha kwenye mafuriko ya Bwaise, na Baba akakuambia mbele ya watu kwamba umeliua gari lake, hujakanyaga nyumba hii. Ulisema huwezi kurudi kumtazama mzee uliyemharibia kitu pekee alichojipa alipostaafu jeshi. Mimi nimechoka kuwa na kaka wa kwenye simu. Basi nisikilize.

Gari lilikuwa linawaka, linapanda na kushuka kwa mngurumo kama mtu mwenye kwikwi, kisha linazima. Ukikanyaga mafuta linakohoa. Mafundi wote wa Nakivubo ninakouza vipuri walisema neno moja: toa injection, ule mfumo wa kompyuta wa kupulizia petroli, weka kabureta ya kizamani. Wewe unawajua, hata gari likiwa na homa wataliandikia kabureta. Baba akakataa. Lakini safari hii naye alichoka, akakubali kwamba lisipopona kabla ya harusi likatwe, liuzwe vipande. Alipolisema hilo aliingia ndani na hakula. Niliumia sana.

Nikamwita Ocira, yule fundi aliyestaafu gereji ya polisi. Sote tuliamini maji ya Bwaise yaliingia kwenye kompyuta ya gari, ile iliyo chini ya dashibodi. Ocira aliifungua akaikuta kavu, haina hata kutu. Akapima msukumo wa petroli, uko sawa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye kila nozeli ya kupulizia petroli na mpini sikioni, akazisikia zote zinagonga. Kisha akachomoa plagi, zikatoka nyeupe kama chaki. Hapo akasema hewa ni nyingi, petroli ni kidogo.

Nikueleze nilivyoelewa mimi. Kuna kifaa kinachopima hewa inayoingia, halafu kompyuta inatoa petroli ya kutosha hewa hiyo. Ikiwa kuna tundu baada ya kile kifaa, hewa ya wizi inaingia bila kuhesabiwa. Ni kama mpishi wa harusi aliyeambiwa wageni ni hamsini, wakaja mia. Chakula hakitoshi na aibu ni yake, ingawa hana kosa. Ocira alikagua kila kiungo, tundu hakuliona.

Sasa Shangazi Kulusum alikuwa barazani anafukiza nguo za bibi harusi. Unajua anavyofanya, chetezo chini, tenga juu yake, nguo juu ya tenga, na shuka kufunika yote moshi usipotee. Mahali shuka limekaa vibaya, moshi unachungulia, naye anapaziba. Ocira akamtazama, akaacha chai yake. Banange, udi wa bibi harusi ukaenda kwenye injini! Makaa na udi tuliviweka ndani ya mkebe wa maziwa, mbali kabisa kule barazani kwa sababu petroli haina utani, injini imezimwa na imepoa, na kwa bomba refu na pampu ya mpira wa miguu moshi ukasukumwa mpaka kwenye njia ya hewa. Shangazi alilalamika kwamba hajawahi kufukiza bibi harusi wa chuma.

Moshi ukatoka. Ulitoka chini ya ule mpira mnene unaopitisha hewa kwenda kwenye injini, pale palipofungwa kwa tyubu ya baiskeli, safi, mkunjo juu ya mkunjo. Sote tukalitambua fundo lile. Hakuna mkono mwingine Bukoto unaofunga tyubu namna ile.

Baba alikuwa amekaa karibu na boneti. Akanusa, akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshini:

“Udi inatoka wapi?”

Akanyoosha mkono, akafuata harufu, vidole vikafika kwenye fundo lake mwenyewe, vikakaa hapo.

“Ocira, kwa nini wewe hapana fungua hapa?”

“Mzee, hapo ulifunga wewe. Mimi nitafungua kazi yako namna gani?”

Baba akaomba kisu. Akakata mwenyewe, kwa kupapasa. Chini yake mpira ulikuwa umepasuka nusu ya mzingo, na tyubu ilikuwa imeteleza pembeni. Akasema, “Hii nilifunga kabla Fadhul kwenda Bwaise.” Kisha, polepole sana, “Halafu nikasema mtoto ameua gari.” Shangazi, ambaye hajawahi kumhurumia mtu aliyekosea, alitaka kusema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga.

Nilileta mpira mwingine kutoka dukani, umetoka kwenye gari la mizigo, Ocira akaukata ukakaa. Kaka, likawaka na likatulia. Asubuhi bado linasitasita mpaka lipate moto. Ocira anashuku kitambuzi cha joto, nami nakitafuta, nitakipata. Nabilah alilia, na mimi nililia, tukasingizia moshi.

Salamu nyingi toka kwa Shangazi Kulusum, anayesema ndevu uzinyoe kabla hajakuona. Nabilah anakusalimu, Ocira pia. Nasi tunawasalimu wote unaokaa nao.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha tyubu nyeusi. Si takataka, usikitupe. Baba amekituma. Nilimuuliza nikuandikie nini pamoja nacho, akasema hana maneno, kwamba wewe ni fundi wa kuelewa.

Jana Nabilah alimuuliza nani atamwendesha siku hiyo. Baba mwenyewe macho hayamruhusu, na Ocira alishajitolea. Gari lile, unakumbuka, lina viti viwili tu. Baba alisema kimoja ni cha bibi harusi, na kingine kina mwenyewe, yuko Sharjah.

Mungu akufungulie njia na akulinde ukiwa juu yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikuchokoza,

Rukiah