Barua za Baba Mkubwa kutoka Dali

Jumanne, 5 Machi 2024

Baba anakwenda Dali, mji aliozaliwa. Hajaomba ushauri, amekata shauri. Nilipompelekea uji asubuhi nikakuta orodha nyuma ya kalenda: kuingia mji mkongwe kwa lango la kusini, kwa miguu. Kula jibini ya kuchoma. Kulala kwa Kaka siku tatu. Tarehe nne Aprili, siku ya kufagia makaburi, kwenda na Kaka kwenye kaburi la mama yao.

Kaka mwenyewe, Baba Mkubwa wangu, amekufa tangu Agosti.

Baba hajui. Ana moyo mbovu na miaka themanini na nne, umri unaoaminika kuita kifo, ambao hapa Chengdu hata maprofesa wanaupita kwa kunyata. Kaka yangu Ruihe aliamua mzee afichwe habari hiyo mpaka atimize themanini na tano. Ndivyo watu wanavyowafanyia wazee wao. Nilibisha nusu saa nikanyamaza. Mimi, mwenye vitabu vitatu dhidi ya uongo.

Jumatano, 6 Machi

Niandike yote, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Baba ni kiziwi, simu haimfai. Yeye na Baba Mkubwa waliandikiana kila mwezi. Mkono wa Baba Mkubwa ulikuwa ukitetemeka, kwa hiyo binti yake, Yinmei, ndiye aliyemwandikia. Ikawa rahisi mno: mimi natunga hapa, namtumia Yinmei kwa simu, yeye ananakili na kuposti kule Dali. Mwandiko ule ule. Muhuri halali wa posta.

Barua mbili za kwanza zilihusu mvua na kabichi, kama alivyoandika marehemu miaka yote. Ya tatu, mkono ukaniwasha. Nikaona mzee mkimya namna ile anastahili kusema jambo moja kabla hajasahaulika. Nikamfanya aulize: mama alipokufa mwaka 1968, mbona hukuja kumzika?

Baba akajibu kurasa nne. Nikarudisha sita. Tumebishana tangu Novemba. Sijawahi kuandika vizuri hivi – wala sijawahi kuwa na msomaji makini hivi.

Sasa msomaji anataka kuonana na mwandishi.

Ijumaa, 8 Machi

Ruihe alikuja, hakuvua hata koti.

Akasema mimi ndiye niliyemtia mzee moto. "Ungebaki kwenye kabichi, leo tungekuwa tumetulia."

"Nani alisema asiambiwe?"

"Nilisema asiambiwe. Sikusema agombezwe na maiti."

Ameagiza barua mpya: Baba Mkubwa amzuie mdogo wake asije, nyumba inaezekwa upya. Nimeiandika jikoni, dakika kumi. Barua mbaya kuliko zote.

Jumapili, 17 Machi

Barua imefika. Baba ameisoma mara mbili, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Eti paa! Kaka hajanizuia kitu tangu tuzaliwe. Bado ana hasira, anaona haya kunitazama usoni. Basi ndiyo maana lazima niende."

Nikajaribu kuushambulia mji. Nilichukua daftari lake la mazungumzo nikaandika kwa herufi kubwa: Dali uliyoiacha haipo. Lango la kusini limezungukwa na maduka ya ngoma. Wasichana wa miji ya mbali wanakodi mavazi ya watu wetu wapigwe picha. Nyumba za kale zimejengwa mwaka juzi na zinatoza kiingilio. Makala yangu juu ya hayo ilinipa maadui wa kunitosha mpaka uzeeni, na kila neno lilikuwa kweli.

Akasoma. "Binti, mimi siendi kuona mji. Naenda kuona mtu."

Akanituma dukani nikamnunulie Kaka majani ya chai. Nikaenda. Nikachagua mazuri.

Jumatano, 20 Machi

Nimekata tiketi mbili za tarehe 2. Baba alisimama nyuma yangu mpaka simu ikathibitisha. Ningejifanya zimekwisha, lakini aliona viti kwa macho yake.

Kisha nikampigia Yinmei. Nilidhani atanisaidia kutafuta njia. Akasema, "Njooni tu, dada. Mimi sinakili tena."

Nikamwambia ni wiki mbili tu zimebaki.

"Nimemzika baba yangu, halafu kila mwezi nakaa mezani naandika kwa jina lake kwamba hajambo. Na maneno yenyewe si yake. Baba hakumlaumu baba mdogo hata siku moja. Kila tulipokwenda makaburini alisema, maskini, kiwandani walimnyima ruhusa."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na jiwe lake liko ubavuni mwa la bibi," akasema. "Utalifunika na nini?"

Jumatatu, 25 Machi

Nimekuwa nikizunguka chumbani kama punda wa kinu.

Nikimwambia kaka yake amekufa, atauliza barua ni za nani. Nikikiri barua, nimemnyang'anya kaka mara mbili, na yule wa pili, wa barua zangu, ndiye aliyempenda zaidi, maana alizungumza naye. Nikinyamaza, jiwe litasema. Na katikati ya yote hayo kuna neno moja la kumtua mzigo – hukulaumiwa kamwe – nami siwezi kulitoa bila kutoa mengine.

Nimewashambulia kwa kalamu mawaziri wa uongo, wakandarasi wa uongo, mahekalu ya uongo. Wote walikuwa na sababu nzuri. Niliwacheka kwa sababu zao.

Ruihe ameleta dawa ya moyo, ile ya kuwekwa chini ya ulimi. Anasema nimweleze "taratibu, mkishafika, karibu na hospitali." Yeye haji. Ana mkutano.

Baba amenyolewa leo. Amemwambia kinyozi kwamba yeye na Kaka watapigwa picha langoni.

Jumanne, 2 Aprili. Ndani ya treni

Tumebadilisha treni mjini Kunming. Imebaki saa moja na nusu.

Baba amekuwa akifanya mazoezi ya maneno atakayomwambia kaka yake. Kwa uziwi wake anadhani ananong'ona. Behewa zima linasikia.

"Kaka, nimekuandikia kwamba kiwandani walininyima ruhusa. Nimekwambia hivyo miaka hamsini na sita. Hawakuninyima. Sikuomba. Siku zile jina la mama lilikuwa limebandikwa ukutani kule kwetu kama adui wa mapinduzi, mke wa kabaila, nami niliogopa wajue ni mama yangu. Nilikwenda kazini siku ile kama siku zote."

Watu wakaacha kula mbegu zao za alizeti.

Akanigeukia. "Wewe ndiye mwandishi. Yametosha? Atanisamehe?"

Mama mmoja ng'ambo ya njia akasema, "Atakusamehe, mzee." Hakumsikia. Alikuwa akinitazama mimi.

Basi ile huruma ya Baba Mkubwa ilisimama juu ya uongo wa Baba, na hasira aliyokuja kuikabili niliitunga mimi. Nimechana karatasi humu humu daftarini mwangu. Nimeandika mistari mitatu. Wa kwanza: Baba Mkubwa alifariki mwezi Agosti. Wa pili: barua tangu hapo ni zangu. Wa tatu: yeye hakukulaumu hata siku moja.

Kulikuwa na wa nne, kwa nini hakumlaumu. Niliuanza nikaukata. Nimeukata vizuri, hausomeki.

Dawa iko mkononi. Nimempa karatasi. Amefuta miwani kwa ncha ya shati, ameilaza gotini, anasoma kama asomavyo kila kitu, kidole chini ya kila neno. Tumeingia handakini na taa zimewaka. Kidole kimefika mwisho wa mstari wa kwanza. Kimesimama hapo. Hakijashuka.