Yule Mzee wa Jumatano

Lucky Summer, Nairobi
Jumamosi, 17 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani. Natumai ulifika Kimilili salama na safari haikulitesa lile goti lako. Mama anaendeleaje na kifua? Mimi mwili ni mzima, lakini tangu Alhamisi jioni chakula hakipiti.

Baba, uliona nilivyokupokea Jumatano, lakini hukujua nilikuwa nimetoka wapi. Wiki hii yote, kila asubuhi, nilikuwa kwenye mafunzo ya wafanyabiashara wadogo katika ukumbi wa kanisa kule mtaani Baba Dogo. Mwalimu wetu, Bwana Makau, alituambia kwamba hesabu tunazijua, kinachotuangusha ni woga. Akasema tujifunze kujituma, tusisubiri kutumwa. Nilifurahi sana, kwa maana mimi kitinda mimba wako nimetumwa maisha yangu yote: maji, kuni, chumvi kwa jirani.

Jumanne tukafundishwa kukataa. Tuligawanywa wawili wawili, mmoja awe mwenye duka, mwingine awe ndugu aliyekuja kuomba. Mwenzangu alikuwa Awuor, muuza dagaa wa omena, na huyo mama anajua kulia! Ukumbi mzima ulicheka. Bwana Makau alitushauri kusema hapana mapema, kabla huruma haijatushika. Niliyarudia maneno yangu mpaka yakanikaa mdomoni, akanisifu kuliko wote.

Kesho yake mchana ukatokea mlangoni pangu, kofia mkononi, koti limejaa vumbi. Ukanisalimu kwa Kibukusu. Nami, mbele ya mteja, nikakujibu kwa Kiswahili cha ukumbini kwamba biashara ndiyo kwanza inasimama na sina cha kumpa mtu. Hata karibu sikukuambia. Ulikuwa hujaomba kitu, Baba. Ulisema tu ulikuwa unapita. Nani atokaye Kimilili akapita Lucky Summer? Nikakuacha uende, nikarudi kukanyaga cherehani huku najiona shujaa.

Alhamisi jioni Nzembi, anayeuza mboga mkabala nami, aliniletea mzigo ndani ya gunia. Alisema eti huyo baba yangu ni mpole, aki, aliuacha kwake alipokuwa akiuliza mlango wangu, akitaka kunishtua nao baadaye, na hakurudi kuuchukua. Nikafungua nikakuta kigoda. Krismasi nililalamika kwamba kreti ya soda ninayoikalia inaniumiza mgongo, nawe ukanipima goti kwa uzi. Nilidhani unanitania, kwa kuwa fundi wa kupima watu ni mimi. Nilikikalia, miguu ikafika kwenye kanyagio sawasawa. Nililia mpaka Nzembi akanifungia mlango.

Ningeishia hapo, lakini nikificha lililobaki barua hii itakuwa uongo. Alhamisi hiyo asubuhi, kabla sijakiona kigoda, Bwana Makau aliuliza nani ameshalitumia somo. Nilisimama wa kwanza. Nikasema kuna mzee mmoja wa kijijini alikuja kunisumbua dukani, nikammaliza kwa sentensi moja. Awuor akauliza kama ni mtu wa kwetu. Nikajibu simjui vizuri. Walinipigia makofi, Baba, nami nikayapokea. Naona aibu hata kuandika.

Jana tulipewa vyeti. Nilipoitwa mbele, niliwaambia wote yule mzee ni nani na gunia lilikuwa na nini. Hakuna aliyepiga makofi. Awuor alilia, na safari hii hakuwa akiigiza.

Sijatumwa na mtu, lakini Jumamosi ijayo nakuja nyumbani. Ukitaka kunijibu kama nilivyokujibu, nitasimama hapo mlangoni nikusikilize mpaka umalize.

Msalimie Mama, umwambie nitamletea kitambaa cha kichwa. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi, binti wa yule mzee,
Nasambu Mulongo